Somo: Kuchagua vichwa vya kusubu kwa bunduki ya wenzo yenye magazini ya bomba

Msimu wa kulungu unakaribia huku Marekani, na wenzetu wengi wameshajinunulia Marlin 336 au Winchester 94 za mitumba, nyingi zikiwa za risasi ya saizi ya .30-30. Bunduki nzuri hizo za wenzo (kono la chini unalolisukuma na kulirudisha ili kuingiza risasi nyingine): nyepesi na hazinasi vichakani. Vichwa vya kusubu, yaani vya madini ya risasi yaliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ni nafuu kuliko vile vilivyovikwa shaba, na kwa umbali wa msituni vinaua vizuri tu. Lakini huwezi kuokota chochote dukani ukatia ndani.

Hatua ya 1: Ncha iwe bapa. Hapa hakuna mjadala. Ndani ya bomba la magazini (ghala la risasi la bunduki) risasi hulala kwa mstari, ncha ya moja ikiegemea kitako cha iliyo mbele yake, palepale penye fataki (kidonge kinachowasha baruti kikigongwa). Bunduki ikipiga teke, foleni nzima inatikisika. Ncha kali na ngumu inaweza kuigonga fataki kama pini ya kufyatulia, na bomba lenyewe liko chini ya mtutu, mahali mkono wako wa kushoto unaposhika. Kwa hiyo tafuta ncha bapa, pana, yenye uso uliokatwa sawasawa. Ncha ya duara iliyosubiwa kwa madini magumu mimi siigusi, hata muuzaji aapeje.

Atatokea wa kusema Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, alikuja na bunduki ya wenzo Afrika Mashariki mwaka 1909. Ni kweli, alikuwa na Winchester 1895 ya .405. Ila ile ina magazini ya sanduku, risasi zinapangwa moja juu ya nyingine, kwa hiyo tatizo hili haina.

Hatua ya 2: Pima mtutu wako, si wa kitabuni. Wengi huruka hapa, kisha wanalaumu baruti. Hakikisha bunduki ni tupu. Paka mtutu mafuta kidogo, chukua kipande cha madini laini ya risasi kinachozidi tundu kidogo tu, ukisukume polepole kwa kijiti cha mbao mpaka kitokee upande wa pili. Kipime kwa maikromita sehemu zilizonenepa. Hicho ndicho kipenyo cha mtutu wako kwenye mifuo, ile mifereji inayozunguka ndani ya mtutu.

Kitabu kinasema .30-30 ni inchi 0.308. Kichwa cha kusubu kinatakiwa kizidi kipimo chako kwa sehemu moja au mbili za elfu ya inchi, yaani 0.309 au 0.310. Marlin zenye mifuo ya Micro-Groove, ambayo ni mifupi kwa kina, mara nyingi hupenda 0.310 au zaidi kidogo. Kichwa kikiwa chembamba, gesi ya moto hupenya ubavuni, inayeyusha madini na kuyabandika mtutuni, na shabaha inatawanyika. Kikiwa kinene mno, risasi haitaingia kwenye chemba kwa ulaini. Usiilazimishe.

Hatua ya 3: Mfuo wa kubania. Kichwa lazima kiwe na mfuo ambao mdomo wa ganda utabanwa ndani yake. Springi ya magazini inasukuma muda wote, teke nalo linaongeza. Kisichobanwa kinarudi ndani ya ganda na shinikizo linapanda. Angalia pia urefu: risasi nzima ya .30-30 isizidi inchi 2.550, la sivyo itakwama njiani. Tengeneza chache za bandia, bila fataki wala baruti, uzipitishe kwa wenzo.

Hatua ya 4: Ugumu na kikombe cha shaba. Ugumu unatukuzwa kupita kiasi. Kwa kipimo cha ugumu cha Brinell, madini ya risasi yasiyochanganywa ni kama 5, mchanganyiko wa Lyman namba 2 (risasi asilimia 90, bati 5, antimoni 5) ni kama 15, na linotaipu (madini ya herufi za kuchapia) ni kama 22. Linotaipu inapendeza kwa shabaha za karatasi, lakini ikigonga mfupa huweza kumeguka. Kwa .30-30 ya mwendo wa kuwinda, karibu futi 2,000 kwa sekunde, chagua madini ya wastani yenye kikombe cha shaba kitakoni, kinachokinga kitako dhidi ya gesi ya moto. Risasi za mwendo mdogo hazikihitaji.

Uzito? Graini (kipimo kidogo cha uzito wa risasi) 150 hadi 170, basi. Kalibu ya Lyman 311041 imefanya kazi hiyo miaka mingi. Kipimo cha baruti fuata kitabu cha aliyetengeneza kichwa, si maneno ya mtandaoni, haya yangu yakiwemo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nikitia moja kwenye chemba na moja tu kwenye bomba, naweza kutumia ncha kali?*
Marahaba. Kihesabu ni sawa, kwa sababu iliyo bombani haina nyingine nyuma yake. Wawindaji wa zamani walifanya hivyo. Shida inaanza kulungu wa pili akitokea, mkono ukachomeka ya tatu bila kufikiri. Mimi sishauri.

*Kaka, nina Marlin ya .357. Vile vichwa vya bastola vyenye bega kali vinafaa?*
Kwa fataki havina hatari. Ila lile bega hupenda kukwama kwenye mdomo wa chemba. Chukua vyenye umbo la koni iliyokatwa ncha, vinateleza.

*Mtutu unabaki na madini kila nikipiga. Niongeze ugumu?*
Tazama kwanza yako wapi. Yakiwa karibu na chemba, shuku kipenyo. Yakiwa karibu na mdomo wa mtutu, shuku mafuta yanayopakwa kichwa cha risasi, yanaisha kabla ya safari kwisha.

*Niko California, haya yananihusu?*
Kwa kuwinda, hapana. Tangu tarehe 1 Julai 2019 risasi zenye madini ya risasi haziruhusiwi kuwindia huko. Nunua za shaba zenye ncha bapa.

*Dada anauliza: mume wangu anataka kusubu jikoni, watoto wako ndani. Ni sawa?*
Mkatalie, dada. Akasubu nje penye upepo, kwa sufuria ambayo haitarudi kupika tena, tone la maji lisikaribie madini yaliyoyeyuka maana yataruka. Akimaliza anawe na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.