Jaribu kutoa kabla ya kuongeza

Ukijiunga na programu mpya ya akiba au uwekezaji, weka kiasi kidogo, kisha kitoe chote mpaka kifike kwenye akaunti yako ya benki. Kuweka pesa hurahisishwa kila mahali. Kwenye kutoa ndipo yanapojitokeza makato yaliyofichwa, masharti ya kusubiri, au ule ujumbe wa "lipa kodi kwanza tukufungulie". Ukiuona huo, ni utapeli, usitume hata senti. Ila jaribio hili haliwanasi wanaowalipa wateja wa zamani kwa pesa za wapya: Bernard Madoff, tapeli wa uwekezaji wa Marekani, alilipa hivyo miaka mingi hadi Desemba 2008. Kwa hiyo tafuta pia leseni yao kwenye tovuti ya msimamizi, yaani mamlaka ya serikali inayosimamia kampuni za fedha, uifungue mwenyewe, si kwa kiungo walichokutumia.