Jinsi ya kuchunguza kisa cha kiumbe chenye mabawa: Mothman wa Point Pleasant hatua kwa hatua

Point Pleasant ni mji mdogo wa West Virginia, Marekani, pale mto Kanawha unapoingia mto Ohio. Usiku wa tarehe 15 Novemba 1966, vijana wanne, mke na mume wa nyumba mbili, walikuwa ndani ya gari karibu na kiwanda cha zamani cha baruti nje ya mji. Wakasema wameona kitu cha kijivu kirefu kama mtu au zaidi, chenye mabawa makubwa na macho mekundu, na kwamba kiliwafuata barabarani. Kwa mwaka mzima uliofuata watu wengine walisema nao wamekiona. Kisha daraja la mji likaanguka, na hekaya ya Mothman, yaani "mtu-nondo", ikapata sura iliyo nayo leo.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuuchunguza mkasa huu kwa makini, au kuutumia kama darasa kabla ya kuchunguza kisa kingine cha aina yake. Kazi yenyewe ni kutenganisha tabaka tatu: kilichoonekana, kilichoandikwa, na kilichoongezwa baada ya msiba. Ukizichanganya tangu siku ya kwanza hutaweza kuzitenganisha tena.

Anza na karatasi

Chora jedwali lenye safu mbili za tarehe. Ya kwanza ni siku tukio linaposemwa lilitokea. Ya pili ni siku liliposemwa hadharani au kuchapishwa kwa mara ya kwanza. Safu hii ya pili ndiyo wengi huiacha, na ndiyo inayofichua mengi. Mfano mzuri ni kisa cha wachimba kaburi wa Clendenin, mji mwingine wa West Virginia, waliosema waliona kitu kama mtu kikiruka juu ya vichwa vyao. Kisa hicho huwekwa tarehe 12 Novemba 1966, siku tatu kabla ya kile cha wale vijana. Ukikipanga kwa tarehe ya tukio peke yake, kinaonekana ni ushahidi wa kwanza usioathiriwa na kitu. Kwa hiyo kabla hujakipa uzito huo, tafuta kilichapishwa lini, na kama msimuliaji alikuwa ameshasikia habari za Point Pleasant.

Gazeti la mji, Point Pleasant Register, liliiandika habari ya vijana tarehe 16 Novemba. Kichwa chake kilitaja kwanza ndege mwenye ukubwa wa mtu, kisha kiumbe, kisha "kitu" tu. Huo mtiririko wa maneno matatu uandike kama ulivyo. Unaonyesha kwamba siku ya kwanza hakukuwa na jina, na neno lililotangulia lilikuwa ndege. Jina la Mothman lilitoka kwa wanahabari baadaye. Kwa hiyo kila maelezo yenye jina hilo ndani yake ni ya mtu aliyekwisha kuambiwa anachotafuta.

Jaza pia hali ya anga. Tarehe 12 Novemba 1966 jua lilipatwa kabisa huko Amerika Kusini, na kupatwa kwa jua hutokea mwezi mwandamo tu. Maana yake siku tatu baadaye mwezi ulikuwa uzi mwembamba uliotua mapema jioni. Vijana wale walikuwa nje karibu na saa sita usiku, hivyo mwanga wa maana waliokuwa nao ulikuwa wa taa za gari. Na ukikutana na ripoti za "taa angani" za juma hilo, kumbuka kwamba tarehe 17 Novemba mwaka huo kulikuwa na mvua kubwa ya vimondo vya Leonidi, miongoni mwa mikubwa kabisa ya karne ile.

Kumhoji shahidi

Hoji kila mtu peke yake. Mwache aeleze mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha mpe karatasi achore kabla hujauliza swali hata moja. Usimwonyeshe picha ya sanamu ya mjini, ile ya chuma cha pua iliyosimamishwa mwaka 2003. Ina macho makubwa mekundu na misuli ya mwanamiereka, na akishaitazama atakuchorea sanamu.

Maswali yawe wazi. Usiulize "macho yalikuwa mekundu?" Uliza "uliona nini sehemu ya kichwa?" Halafu uliza swali moja ambalo hutoa jibu zito kuliko yote: mwanga ulipohama, kile chekundu kiliendelea kuonekana au kilizimika? Katika maelezo ya mwaka 1966, macho yaling'aa taa za gari zilipoyapiga. Hiyo ni tabia ya jicho linalorudisha mwanga, si la kitu kinachowaka chenyewe.

Kupima ukubwa

Hapa ndipo visa vingi huharibika. Usikubali "mabawa ya mita tatu" kama kipimo. Usiku, mbele ya kitu usichokijua, jicho linatambua upana wa pembe tu. Ukubwa unakisiwa kutokana na umbali, na umbali wenyewe ni wa kukisia.

Mrudishe shahidi mahali penyewe, saa ileile, na tepu ya mita 50. Mwambie anyooshe mkono na kuonyesha kwa kidole gumba na cha shahada jinsi kitu kilivyokuwa kipana machoni pake. Pima nafasi kati ya vidole kwa sentimita, kisha pima kutoka jichoni mpaka vidoleni. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, halafu zidisha kwa umbali uliopimwa ardhini.

Tuseme nafasi ya vidole ni sentimita 5, na mkono ni sentimita 65. Jibu ni 0.077. Kama kitu kilikuwa umbali wa mita 40, upana wake ni mita 3.1, na hapo una dubwana. Kama kilikuwa mita 15, upana ni mita 1.15, na huyo ni bundi mwenye milia wa misitu ya huko, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufika karibu mita 1.1. Picha iliyoingia jichoni ni ileile moja. Ndiyo maana tepu ina thamani kuliko kamera.

Kosa la kawaida ni kupima mpaka "pale kilipokuwa" bila alama. Dai kitu cha kudumu: nguzo, ukingo wa ukuta, mti. Pasipo alama, andika umbali wa chini kabisa na wa juu kabisa unaowezekana, na uache ukubwa kama masafa, usitoe namba moja.

Urefu pia hudanganya. Bundi wa nusu mita akitua juu ya kigingi cha mita moja na nusu, kichwa chake kiko mita mbili juu ya ardhi. Gizani kigingi hugeuka kiwiliwili. Mashahidi kadhaa wa Mothman walisema hana shingo na macho yako karibu na mabega. Mtazame bundi aliyetua kutoka mbele: kichwa cha duara kimekaa juu ya mwili moja kwa moja, shingo haionekani.

Jaribio la macho

Chukua viakisi viwili vyekundu vya baiskeli, vibane kwenye ubao vikiwa na nafasi ya sentimita 5, na uusimamishe ubao juu ya mti wa mita mbili. Waweke watu watatu au wanne umbali wa mita 30 bila kuwaambia ni nini, waangaze kwa tochi, na kila mmoja aandike kivyake umbali, urefu wa "kiumbe" na nafasi kati ya macho. Tofauti ya majibu yao ndiyo kiwango cha makosa unachopaswa kukitumia kwa mashahidi wako.

Tochi ishikwe kando ya jicho, au ivaliwe kichwani. Mwanga unaoakisiwa hurudi ulikotoka, kwa hiyo anayeshika tochi kiunoni, kwa karibu, haoni kitu na hudhani jaribio limeshindikana. Kwa sababu hiyohiyo, kinachong'aa mbele ya gari huweza kufifia ghafla gari linapokisogelea, kwa kuwa macho ya dereva yako mbali na taa zake. Shahidi huyaeleza hayo kama "kilitoweka".

Washukiwa wenye manyoya

Mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha West Virginia, Robert L. Smith, alipendekeza wakati ule kwamba huenda ni korongo wa Amerika Kaskazini aliyepotea njia ya kuhama. Ndege huyo ana urefu wa mita moja na zaidi, mabawa ya karibu mita mbili, rangi ya kijivu, na ngozi nyekundu kwenye paji la uso. Anafaa kwa walioona mchana au machweo. Kwa usiku hafai sana: ngozi nyekundu hairudishi mwanga kama jicho. Kwa macho mawili yanayowaka gizani na kitu kinachoruka bila sauti, bundi ana nguvu zaidi, kwa sababu ukingo wa mbele wa bawa lake una meno kama kitana yanayovunja mvumo wa hewa. Si lazima mnyama mmoja aeleze ripoti zote.

Ukikuta unyoya, upige picha ukiwa na rula kando yake na uuache hapohapo. Sheria ya Marekani ya ndege wanaohama, ya mwaka 1918, inakataza kumiliki hata unyoya mmoja wa ndege wengi wa porini, bundi na korongo wakiwemo.

Ukienda kwenye kiwanda cha zamani

Eneo hilo, ambalo wenyeji huliita TNT, lilitengeneza baruti wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Leo ni hifadhi ya wanyama ya McClintic, yenye madimbwi, vichaka na maghala ya zege yaliyofunikwa udongo. Ndani ya ghala sauti huvuma na kurudi kwa muda mrefu. Usirekodi humo ukadai ni mlio. Mwaka 2010 ghala moja lenye vilipuzi lililipuka, kwa hiyo usifungue lililofungwa. Ardhi ina uchafu wa baruti. Usinywe maji ya hapo. Msimu wa uwindaji vaa rangi ya chungwa kali, na usizime tochi ukitembea.

Tabaka la daraja

Daraja la mji, Silver Bridge, lilianguka jioni ya tarehe 15 Desemba 1967, magari yakiwa yamejaa juu yake. Watu 46 walikufa. Lilijengwa mwaka 1928, likaning'inizwa kwa minyororo ya vyuma virefu vyenye matundu mwishoni, viwili tu kwa kila kiungo. Uchunguzi ulikuta ufa wa kina cha milimita 2.5 ndani ya tundu la chuma kimoja, uliokua kwa kutu na mkazo wa miaka. Chuma kilipokatika, mwenzake hakuweza kubeba mzigo, na daraja zima likafuata. Ufa ulikuwa mahali ambapo mkaguzi asingeweza kuuona bila kulifungua daraja. Msiba huo ndio uliozaa kanuni za taifa za kukagua madaraja.

Katika jedwali lako, kila kauli inayomfanya Mothman mbashiri wa ajali iulize tarehe ya safu ya pili. Je, kuna maandishi ya kabla ya tarehe 15 Desemba 1967 yanayolitaja daraja? Kumbukumbu iliyosemwa baadaye iweke upande wake, hata kama msemaji ni mkweli kabisa. Kitabu cha John Keel, The Mothman Prophecies, kilichotoka mwaka 1975, na filamu ya 2002 iliyotokana nacho ndivyo vilivyoufunga uhusiano huo vichwani mwa watu, kwa hiyo mahojiano ya baada ya miaka hiyo yatie alama ya rangi tofauti.

Mjini kuna kumbukumbu ya matofali yenye majina ya waliokufa, pale daraja lilipoanzia. Ipitie kabla ya kuanza mahojiano, uyanakili majina ya ukoo. Unayemhoji akiwa na jina mojawapo, maswali ya daraja mwachie ayaanzishe mwenyewe.