Kutengeneza kipimajoto cha bahari cha kuaminika kwa shamba la mwani, Tanga

Siku za kaskazi maji ya kina kifupi yakipata moto, mwani hugeuka mweupe na kukatika. Ukitaka kujua joto lilifika ngapi na lilidumu saa ngapi, unahitaji kifaa kinachokaa majini peke yake kwa wiki kadhaa, na ambacho kikikosea utagundua.

Hatua ya 1: Tumia vihisi vitatu. Chukua DS18B20, aina ya kihisi kidogo cha joto cha kidijitali, zilizofungwa kwenye ganda la chuma kisichoshika kutu. Kikiwa kimoja, utaamini chochote kinachosema. Viwili vikipishana, hujui kipi ni kizima. Vitatu vinaumbuana. Kila kimoja kina namba yake, hivyo vyote hukaa kwenye waya mmoja wa data, pamoja na rezista ya omu 4,700 kati ya waya huo na wa umeme.

Hatua ya 2: Vipime kwenye barafu. Hapa usiharakishe. Mtengenezaji anakubali kosa la hadi nusu nyuzi, nalo kwa mwani si dogo. Tumia barafu ya maji ya bomba. Ya kuhifadhia samaki iache, maana chumvi hushusha joto chini ya sifuri. Iponde, ijaze chupa ya chai hadi juu, kisha mimina maji ya kuziba mianya tu. Maji yakiwa mengi na barafu ikaelea, yale ya chini yanaweza kufika nyuzi 4 nawe ukadhani ni sifuri. Koroga, subiri namba zitulie, andika kila kihisi kimesoma ngapi. Rudia kwenye ndoo ya maji ya nyuzi 29 hivi, ukilinganisha na kipimajoto unachokiamini, kwa sababu kosa la kwenye barafu si lazima liwe lile lile kwenye joto la bahari.

Hatua ya 3: Ziba. Bomba la PVC, epoksi pale waya zinapopita, kipakiti cha kufyonza unyevu ndani. Lizamishe tupu usiku kucha likiwa na karatasi kavu ndani, ndipo uweke bodi (kikompyuta kidogo kinachosoma vihisi) na betri.

Hatua ya 4: Programu. Pima kila dakika 10, hifadhi kwenye kadi pamoja na saa. Ukikuta 85, bahari haijachemka: hiyo ndiyo namba ya kihisi kilichowashwa kikasomwa kabla hakijapima. Kwenye maktaba ya Arduino (msimbo uliokwisha kuandikwa wa kusoma vihisi hivi), −127 ni waya uliokatika. Usizifute, ziwekee alama.

Hatua ya 5: Zamisha. Nenda wakati wa bamvua, maji yakitoka kabisa, ufunge kwenye kigingi mahali ambapo hata hapo pana maji. Zungushia wavu wa shaba kuzuia utelezi na magamba, lakini wavu huo usiguse ganda la kihisi: metali mbili zikigusana kwenye maji ya chumvi, moja huliwa.

Maboya ya Argo, yanayopima bahari kuu duniani kote yakielea yenyewe, huzama hadi mita 2,000, huibuka kila siku 10 hivi na kutuma vipimo kwa setilaiti, bila mtu wa kuyasafisha. Wewe unaweza kukifikia chako kwa miguu, basi kifikie kila bamvua.

Hatua ya 6: Kitoe, rudi kwenye barafu. Fanya kipimo kimoja kabla ya kukisugua na kingine baada ya kukisugua. Namba zote mbili ziandike juu ya faili, pamoja na zile za mwanzo, ili atakayeisoma aone kihisi kimehama kiasi gani.