Unaenda kujitolea Ujerumani? Soma hii kabla hujapanda ndege

Naandika hii kwa ajili ya wadogo zangu wa Tanzania na Kenya mnaoenda kujitolea Ujerumani kupitia weltwärts, ule mpango ambao mwanzo ulikuwa unaleta vijana wa Kijerumani tu huku kwetu ila tangu 2013 na sisi tunaenda kwao. Mi nilikaa mwaka mzima kwenye mji mdogo karibu na Stuttgart, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mambo ya viza na tiketi shirika lako litakuelekeza, mi nataka kuongelea namna ya kukaa na watu, maana hapo ndo wengi wanaumia kimyakimya.

Siku hiyohiyo unayofika bandika jina lako kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlangoni. Linaonekana jambo dogo lakini kule kila kitu kinakuja kwa posta, kadi ya benki, namba ya siri ambayo inakuja bahasha yake siku nyingine, namba ya kodi, kadi ya bima ya afya, na posta wanaangalia jina, wasipoliona barua inarudi ilikotoka. Yangu ya benki ilirudi nikakaa wiki tatu naazima nauli. Halafu ndani ya wiki mbili nenda ofisi ya mji ukajiandikishe, wanaita Anmeldung, beba pasipoti na ile karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kwamba kweli unakaa pale, bila hiyo unarudishwa.

Saa sasa. Hii naiongelea kwa kirefu kwa sababu sisi Waswahili tunabeba hesabu mbili kichwani. Mjerumani akikwambia halb neun, masikio yako yanasikia nusu na tisa, unajua ni tisa na nusu ya saa zao, yani 9:30, kumbe anamaanisha nusu ya kuelekea tisa, yani 8:30, ambayo kwetu ni saa mbili na nusu asubuhi. Mi nilichelewa zamu yangu ya kwanza saa nzima na mkuu wa zamu hakunigombeza, alinyamaza tu, ule ukimya uliniuma kuliko maneno. Ukipewa muda wowote andika kwa tarakimu kwenye simu umwoneshe, akikubali ndo uondoke.

Salamu zipo, watu wanaosema Wazungu hawasalimii hawajakaa nao. Ukiingia chumba cha kusubiria daktari unasalimia wote waliokaa, na ukitoka unawaaga. Kusini wanasema Grüß Gott, kaskazini utasikia Moin hata jioni, kazini mchana watu wakipishana wanasema Mahlzeit. Ila ni fupi, usianze za nyumbani, watoto, za kutwa, inamchanganya mtu.

Kwa wanaoenda kwenye nyumba za wazee naomba mnisikilize hapa. Kwetu mzee usiyemjua unamwita bibi au babu na hiyo ndo heshima yenyewe. Mi nikamwita mama mmoja wa miaka 90 hivi Oma, kwa moyo mweupe kabisa, akanitazama akasema mimi sio bibi yako. Nilikwenda kulia chooni. Baadae mwenzangu wa kazini akanieleza kwamba yule mama maisha yake yote alikuwa mtu anayeitwa kwa jina la ukoo, sasa amezeeka, anaogeshwa, analishwa, lile jina ndo kitu alichobaki nacho, ukimwita bibi unamnyang'anya. Kwa hiyo mwanamke ni Frau na jina la ukoo, mwanaume ni Herr na jina la ukoo, na Sie, ile "wewe" ya heshima, mpaka yeye mwenyewe akuruhusu du, ile "wewe" ya watu waliozoeana. Aliponiruhusu, mwezi wa tano, niliona kama nimepewa zawadi.

Majirani nao wana utaratibu wao. Kwetu mgeni anafuatwa anakaribishwa, kule aliyehamia ndo anaenda kugonga milango, anasema mimi ni fulani nimehamia ghorofa ya pili. Nenda wiki ya kwanza, wala usisubiri Kijerumani kinyooke. Kusini kule kuna Kehrwoche, zamu ya kufagia ngazi, ukikuta kibao kimetundikwa mlangoni kwako wiki hiyo ni yako, fagia vizuri, watu wanaona. Chupa usizitupe jumapili kwenye kontena, kelele zinawaudhi, na saa nne usiku kila kitu kishuke sauti. Siku yako ya kuzaliwa keki unapeleka wewe kazini, usikae unasubiri uletewe.

Marafiki wanapatikana taratibu na njia ninayoijua ni moja, chagua kitu kimoja uende kila wiki bila kukosa. Kwaya ya kanisa, timu ya mpira, hata zimamoto wa kujitolea ambao wapo karibu kila mji mdogo. Miezi miwili watakusalimia tu, wa tatu mtu anakuuliza mbona wiki iliyopita hukuja, hapo ujue tayari.

Baridi ukiniuliza mimi inavumilika, giza ndo zito. Mwezi wa kumi na mbili jua linazama saa kumi na nusu jioni na unaanza kujifungia ndani na simu, unaongea na nyumbani masaa matatu. Toka mchana hata nusu saa. Na hela, mapema kabisa waeleze nyumbani kwamba unachopewa ni posho ya volontia sio mshahara wa Ulaya. Mi nilichelewa kusema nikawa natuma hela ya chakula changu.

Mtu akikutukana kwa rangi yako usibaki nalo, lisemee kwenye semina za volontia, zipo siku 25 kwa mwaka na mle kuna wenzako yamewakuta.

La mwisho, jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi saa zao zinarudi nyuma, tofauti na nyumbani inakuwa masaa mawili badala ya moja. Kama huwa unampigia mama saa mbili usiku ya kwetu ukitoka kazini, mwambie siku moja kabla kwamba kuanzia kesho ni saa tatu, asije akakaa na simu mkononi anakuwaza.