Panya kwenye uwanja wenye mbwa, paka, kuku na ndege: anza na chakula, sumu baadae kabisa

Kama nyumbani kuna kabanda ka kuku, njiwa kadhaa, mbwa wa kulinda, halafu watoto wanamwaga mtama kwenye kisahani ili waone chiriku na shomoro asubuhi, panya watakuja tu, sio swala la uchafu wala la jirani, ni kwamba chakula kinalala nje. Na wengi wakimwona panya wa kwanza wanamkimbilia yule kijana anayepita na spika, dawa ya panya, mende, kunguni, bila kujiuliza nani mwingine hapo uwanjani anakula chini.

Kwanza hakikisha ni panya kweli. Fuko anarundika udongo katikati ya bustani bila kuacha tundu wazi, huyo ni kesi nyingine. Na yule mkubwa mwenye mkia mweupe nusu ya mwisho ni panya buku, ndugu wa wale ambao shirika la APOPO linawafundisha pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kunusa mabomu ya ardhini na TB, sio huyu anayekusumbua kwenye banda. Wetu anachimba pembeni ya ukuta, chini ya kuni, chini ya banda. Jioni ziba mashimo kwa gazeti lililofinyangwa, asubuhi lile ambalo gazeti limetolewa ndo lina wenyewe.

Sasa chakula, na hapa ndo usichoke. Panya anatembea usiku na ndege wanakula mchana, kwahiyo hauhitaji kuacha kulisha ndege, we badilisha saa tu. Weka nafaka asubuhi kiasi kinachoisha kabla ya jua kuzama, magharibi ikikaribia kisahani kinaingia ndani na chini panafagiliwa, maana hela yako inaishia chini, ndege wanamwaga kuliko wanavyokula. Kisahani kikae juu ya bomba la chuma laini, kama mita moja na nusu kutoka chini, mbali na mti, ukuta na kamba ya nguo, maana panya anaruka vizuri na kamba anaitembea. Ukizungushia kipande cha bati chini ya kisahani kama mwavuli, akipanda anakwama hapo. Sufuria ya mbwa vilevile, mbwa akishiba inaoshwa, usiseme atamalizia usiku, atakayemalizia unamjua. Pumba na chakula cha kuku kwenye pipa la bati lenye mfuniko, plastiki anaitafuna, kiroba ndo kabisa usiseme. Maganda na ugali uliobaki usivirushe kwenye mbolea bila kufunika.

Banda lenyewe, ule waya wa kuku wa matundu makubwa unazuia kuku tu, panya anapita kama kwake. Tafuta wavu wa robo inchi, mfuko ukikataa basi nusu inchi, uzamishe chini futi moja na mwisho wake uukunje kwenda nje, akichimba anakutana na chuma.

Ukishamnyima chakula ndo mtego unafanya kazi, kabla ya hapo atakula mtama wako na mtego atauzunguka. Tumia ule wa kubana, lakini ndani ya boksi la mbao lenye tundu dogo pembeni, tofali juu, ili mkono wa mtoto, mguu wa paka na shingo ya kuku visifike. Panya anaogopa kitu kigeni, kwahiyo siku za mwanzo weka dagaa wa kukaanga au siagi ya karanga bila kuutega, azoee, akianza kula bila wasiwasi ndo utege. Boksi liguse ukuta, huwa hakatizi katikati ya uwanja. Zile gundi za kunasia mi sizitaki nje, zinanasa mjusi, vifaranga na haohao ndege wako. Paka atasaidia kwa panya wadogo, lile dume zee wengi wanalikwepa. Na bundi akitua kwenye mti wako mwache jamani, najua mambo ya uchuro, ila chakula chake ni panya.

Sumu naiweka mwisho kwasababu nyingi za dukani zinazuia damu kuganda na panya anachukua siku kadhaa kufa, katikati hapo anatembea kama mlevi, paka au mbwa au bundi anamla na sumu inahamia kwake. Zinki fosfaidi, ule unga wa kijivu wenye harufu ya kitunguu saumu, haina hata dawa ya kuiondoa. Kipakti kisicho na lebo usikiguse, hujui ndani kuna nini. Ukilazimika, chukua ya vipande vigumu, sio nafaka, kwenye boksi la kufungwa kwa funguo.

Mbwa akila sumu au panya aliyekula sumu, nenda kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo na pakiti mkononi, usipoteze muda na maziwa. Zile za kuzuia damu zina tiba ya vitamini K1, ila ukisubiri mpaka fizi zitoe damu umechelewa. Ukiwa huko uliza pia kama chanjo yake ina leptospirosi, maana mkojo wa panya ndo unaoisambaza, ni ile homa ya mgunda iliyosumbua Lindi 2022. Kwahiyo mzoga wa panya unashikwa na glavu, unanyunyiziwa jiki, unafukiwa chini ambako mbwa hafukui.

Mashimo usiyazibe kwa zege mpaka gazeti likae wiki nzima bila kuguswa, ukiwahi watahamia darini.