Jinsi ya kusajiliwa HCPC kama mtaalamu wa fiziotherapia uliyesomea Afrika Mashariki

Nilifika Uingereza nikiwa nimefanya fiziotherapia Kenya miaka sita, lakini kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Nikaandika "physiotherapist" kwenye wasifu wangu wa mtandaoni. Meneja aliniita, akanieleza kwa upole kwamba nifute neno hilo siku hiyohiyo. Nilidhani ananidharau, kumbe ananiokoa.

Kabla ya fomu yoyote, elewa jambo hili. Kule, "physiotherapist" na "physical therapist" ni majina yanayolindwa na sheria. Kujiita hivyo kwa nia ya kudanganya, bila jina lako kuwa kwenye rejista ya HCPC, baraza la Uingereza linalosajili wataalamu wa fani kadhaa za afya, ni kosa la jinai lenye faini. Cheti chako cha nyumbani hakikupi ruhusa hiyo, hata ungekuwa bingwa wa kunyoosha mgongo. Wakati unasubiri, tumia cheo kilichoandikwa kwenye mkataba wako: msaidizi, mhudumu, basi. Angalia pia kadi zako na WhatsApp yako.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha unabisha mlango wako. HCPC inasajili fani 15, zikiwemo fiziotherapia, radiografia, lishe na maabara. Wauguzi na wakunga huenda NMC, baraza lao wenyewe. Maofisa ustawi wa jamii wa England walitoka HCPC Desemba 2019, sasa wana Social Work England. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina mabaraza yao.

Hatua ya pili ni Kiingereza. Kwa IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, unahitaji wastani wa 7.0, na sehemu yoyote isishuke chini ya 6.5. Wengi wetu huangushwa na kuandika, si kuongea, kwa hiyo mazoezi yako yaelekee huko.

Hatua ya tatu ndiyo inayomaliza watu nguvu, nami nakuomba uianze ukiwa bado nyumbani. Wakaguzi hawapimi jina la chuo chako. Wanachukua mafunzo yako na kuyalinganisha na viwango vya umahiri vya fani, vile vilivyoanza kutumika Septemba 2023. Kwa hiyo wanahitaji kuona ulifundishwa nini hasa: kila somo, saa za darasani, saa za wodini, uliwahudumia wagonjwa wa aina gani. Hati ya matokeo yenye mistari "Anatomia: B" haiwasaidii. Mimi nilikuwa Uingereza tayari nilipoomba mtaala wangu chuoni, na nilisubiri miezi minne huku shangazi akinifuatilia ofisi hadi ofisi. Nenda mwenyewe kabla ya kupanda ndege, omba mtaala wa miaka uliyosoma wewe, upigwe muhuri, kisha uuskani.

Palipo na pengo kwenye masomo, kazi uliyofanya baadaye inaweza kuliziba, ukiieleza vizuri. Usiandike "nilihudumia wagonjwa wa kiharusi". Andika ulimpima vipi, ulimwekea lengo gani, ulibadilisha nini alipokosa maendeleo, na ulishauriana na nani. Mimi niliandika kuhusu mama mmoja, bila jina lake, aliyetaka tu kuweza kuchuchumaa jikoni kwake tena. Ukurasa ule mmoja ulibeba viwango vingi kuliko barua zangu zote za sifa.

Hatua ya nne: tuma maombi mtandaoni. Ada ya uchunguzi hairudishwi, hivyo usitume faili nusunusu. Kama ulisajiliwa na Baraza la Fiziotherapia la Kenya, litahitajika kuthibitisha kwamba huna kesi ya kinidhamu. Wakaguzi wakiomba maelezo zaidi, usivunjike moyo. Jibu swali waliloliuliza, lote, kwa muda waliokupa. Na tafadhali usimlipe wakala anayedai ana mtu wake ndani.

Ukikubaliwa, lipa ada ya usajili kisha subiri hadi jina lako lionekane kwenye rejista, ambayo mgonjwa yeyote anaweza kuitazama bure. Ndipo uandike cheo chako. Usajili huhuishwa kila baada ya miaka 2, na asilimia 2.5 ya wanaohuisha huitwa kuonyesha kumbukumbu za kujiendeleza kitaaluma. Fungua daftari la kumbukumbu hizo wiki yako ya kwanza kazini.