Somo: Kuchonga chapa kutoka kwenye leso ya nyanya bila kuikata

Chapa zangu zote za mbao, yaani picha ninazopiga kwa ubao uliochongwa, zimetoka kwenye leso (kanga) moja ya marehemu nyanya, iliyoandikwa jina "Wema hauozi". Mlioniuliza nafanyaje, haya hapa.

1. Uliza kwanza. Keti na waliomjua mwenyewe. Mama ndiye aliyenieleza kwamba upande uliopauka ndio aliobebea watoto mgongoni, wote sita. Mimi niliuona kasoro, nikataka kuuacha.

2. Itandaze kivulini juu ya shuka safi. Usiitie dawa ya madoa wala usiianike juani. Piga picha ukiwa juu yake, mwanga wa asubuhi.

3. Weka nailoni nyembamba, juu yake karatasi ya kunakilia. Penseli laini tu, wino hupenya.

4. Hapa ndipo kazi inapokuwa yako. Yangu ina maandishi "K.H.E. Mali ya Abdulla", alama ya Kaderdina Hajee Essak, wauza leso wa Mombasa tangu 1887. Kwa hiyo pindo na mji, yaani sehemu ya katikati, vina mwenyewe, na wengi wanayo leso kama hiyo. Cha nyanya ni mpauko, kiraka, na mshono aliotia kwa uzi wa rangi nyingine. Nachukua korosho moja tu, lile pambo la umbo la korosho, naichora ilivyo leo, nusu imefutika. Mishono yake niliihesabu, 17, na yote imo ubaoni.

5. Geuza karatasi, penseli iangalie ubao, sugua kwa mgongo wa kijiko. Chonga, paka wino kwa rola, laza karatasi, sugua tena.

MASWALI

Jina limetoka kinyume, nimekosea wapi?
– Hukugeuza karatasi. Ubaoni herufi zinapaswa kuwa kinyume ndipo chapa isomeke. Zitazame kwa kioo kabla ya kuchonga.

Shangazi hataki leso itoke sandukuni.
– Usimshurutishe. Nenda kwake na karatasi zako, nakili mbele yake, airudishe kwa mkono wake. Chapa ya kwanza mpelekee yeye.

Yetu haina kiraka wala mpauko, haikuvaliwa kamwe.
– Basi chora mikunjo. Nguo iliyokunjwa pale pale kwa miaka huweka mistari, na hapo ndipo huanza kukatika. Kisha muulize mama kwa nini haikuvaliwa.